Mpira, tembe, sindano au ARV za mwenzako: mume na mke wa Mombasa wachague kinga gani?

Zamani ushauri wa kujikinga na VVU ulikuwa mfupi: subiri, kuwa mwaminifu, au vaa mpira. Leo mtu akiingia hospitali ya serikali hapa Mombasa, iwe Tudor, Likoni au Port Reitz, anatajiwa mambo chungu nzima: tembe ya kila siku, sindano, pete, mpira wa kiume na wa kike. Na kama mwenzake anaishi na virusi, anaambiwa tena kwamba dawa anazokunywa yule mwenzake ni kinga yake yeye. Anatoka nje kichwa kimejaa, na swali analobaki nalo ni moja: iliyo kali zaidi ni ipi?

Nimekaa na wanandoa wengi katika kazi ya unasihi, na swali hilo nimeliona likiwapoteza watu. Mtu anashika njia yenye asilimia kubwa kwenye karatasi, akifika nyumbani haitumiki. Mimi huanza na maswali mengine mawili. Kwanza, kinga hii itakuwa mkononi mwa nani, mwako au mwa mwenzako? Pili, nyinyi wawili mnajua nini hasa kuhusu hali zenu, na mmejua lini? Mke ambaye mumewe hakubali mpira hana mpira, hata kabati likijaa boksi. Mume ambaye mkewe anakunywa ARV, zile dawa za VVU, na virusi vimeshuka hadi havionekani kwenye kipimo, ana kinga nzuri kuliko anavyodhani. Asilimia nitazitaja, lakini zisomeni huku maswali hayo mawili yako kando yenu.

Hatari iko wapi

Pale mmoja ana virusi na hatumii dawa, watafiti hukadiria kwamba katika kila matendo 10,000 ya kawaida ya mume na mke, mwanamke huambukizwa mara 8 hivi, mwanamume mara 4. Ukisoma haraka utasema ni kidogo. Huo ni wastani, na wastani unaficha mengi. Mtu aliyeambukizwa wiki chache tu zilizopita ana virusi vingi mno mwilini, hajui, na hata kipimo cha kawaida huenda kikamwambia hana. Kidonda cha kaswende au tutuko (herpes) huvipa virusi njia. Mwanamke aliye katika miezi ya mwisho ya ujauzito, au aliyejifungua karibuni, huambukizwa kwa urahisi zaidi kuliko asiye na mimba. Uchunguzi wa kitaifa wa 2018 ulikuta asilimia 6.6 ya wanawake wa Kenya wenye umri wa miaka 15 hadi 64 wanaishi na VVU, na wanaume asilimia 3.1. Maumbile yana sehemu yake katika tofauti hiyo, na nguvu za kusema "leo hapana" zina sehemu yake pia.

Kuna jambo linalosemwa kwa kunong'onezana tu, nami nitalisema wazi kwa sababu kunyamaza kunawaumiza mabinti zetu. Wako wachumba wanaotumia njia ya nyuma ili kulinda ubikira au kukwepa mimba, wakidhani VVU havipiti huko. Kwa anayeingiliwa, hatari ya njia hiyo ni kama mara 138 katika matendo 10,000. Hiyo ni mara 17 ya njia ya mbele. Anayelinda ubikira kwa namna hii amejitia kwenye hatari kubwa zaidi.

Jingine ni usafi wa ndani. Hapa hapa Mombasa, katika kliniki ya Ganjoni, watafiti walianza mwaka 1993 kuwafuatilia wanawake wanaofanya biashara ya ngono. Baada ya miaka 10 ya kuwafuatilia ilionekana kwamba waliokuwa wakijiosha ndani ya uke, hasa kwa sabuni, walipata VVU zaidi kuliko wasiojiosha hivyo. Sisi wanawake wa pwani tumelelewa na usafi, na masomo na makungwi wetu wanatufundisha mengi mazuri. Lakini hili la sabuni, ndimu na shabu ndani ya uke naomba waliache. Vinachubua na kukausha pale pale tunapotaka ngozi iwe nzima. Uke hujisafisha wenyewe. Nje osha kwa maji, inatosha.

Mpira na tembe

Mpira una sifa ambayo hakuna njia nyingine iliyonayo: unazuia VVU, kaswende, kisonono na mimba kwa mkupuo mmoja. Hauhitaji kipimo cha damu wala tarehe ya kliniki. Katika hospitali za umma ni bure, na dukani bei yake haimshindi mtu. Hata hivyo, tafiti za wenzi ambao mmoja ana virusi na mwingine hana zilionyesha kwamba wanaoutumia kila mara hupunguza maambukizi kwa kama asilimia 80. Watu huniuliza, mbona si mia?

Tazama unavyotumika. Pakiti inachanwa kwa meno gizani na mpira unapata mchaniko usioonekana. Unavaliwa katikati, baada ya kuanza bila. Hewa inaachwa kwenye ncha. Umekaa wiki kadhaa ndani ya pochi iliyobanwa mfukoni, au kwenye dashibodi ya tuktuk kwa joto hili la Machi. Kisha, na hili ni letu hasa, unapakwa mafuta ya nazi au yale mafuta ya mgando ya mtoto yaliyo karibu na kitanda. Mafuta ya aina hizo hulegeza mpira wa latex ndani ya dakika chache na unapasuka. Kilainishi kinachofaa ni kile cha maji, kipo kwenye duka la dawa, na katika baadhi ya kliniki hutolewa pamoja na mpira wenyewe. Mtu akirekebisha haya matano, mpira wake unakuwa kinga nyingine kabisa.

Udhaifu wake mkubwa ni wa aina nyingine. Mpira wa kiume uko kwa mwanamume. Ndani ya ndoa, mke akiutaja tu anajibiwa, "Umeanza kunishuku, ama ni wewe una lako?" Na pale mume anapoutaja mwenyewe, mke naye anajiuliza ametoka wapi. Mpira wa kike unampa mke uwezo zaidi kidogo. Anaweza kuuvaa mapema kabla ya kuingia kitandani, na kwa kuwa aina inayopatikana sana haikutengenezwa kwa latex, mafuta hayauharibu. Lakini mume anauona, na si kila kituo kinao.

Tembe ndiyo PrEP: dawa mbili, tenofovir na emtricitabine, katika kidonge kimoja kinachomezwa kila siku na mtu ambaye hana virusi. Kenya ilianza kuigawa kitaifa mwezi Mei 2017. Ushahidi wake mkubwa ulitoka kwetu na kwa jirani zetu: utafiti wa Partners PrEP uliwafuata wenzi 4,747 wa Kenya na Uganda, mmoja akiwa na virusi na mwenzake hana, katika miji kama Kisumu, Thika na Eldoret. Matokeo yalipotoka mwaka 2011, waliopewa tembe hii walikuwa wamepunguza maambukizi kwa asilimia 75, na wale ambao damu yao ilionyesha kweli wanaimeza, kinga ilifika kama asilimia 90.

Mwaka uliofuata ulikuja utafiti mwingine, FEM-PrEP, uliofanywa kwa wanawake wa Bondo hapa Kenya, Tanzania na Afrika Kusini. Tembe ni ile ile. Haikuonekana kinga yoyote, kwa sababu walipopimwa damu, wengi hawakuwa na dawa mwilini. Tofauti hiyo inanifundisha zaidi kuliko asilimia zote. Wale wa kwanza walikuwa wenzi waliokwisha kupimwa na kuambiana ukweli. Mke alimkumbusha mume, mume alimkumbusha mke, na hatari iliyokuwa mbele yao ilikuwa na jina. Wa pili, wengi walikuwa wakimeza peke yao, kwa siri, wakijiona hawamo hatarini.

Kwa hiyo tembe ina nguvu ya pekee: iko mkononi mwa anayehitaji kinga, na haihitaji ruhusa ya mtu. Lakini siri ina kazi zake. Kopo la PrEP linalia ukilibeba, na linafanana na kopo la ARV kiasi kwamba mavyaa akiliona ataamini mkaza mwanawe ni mgonjwa. Mama mmoja wa Kisauni alijaza pamba ndani lisilie, akalificha ndani ya mkebe wa iliki, maana jikoni mumewe hakuwahi kushika iliki. Alimeza kila siku baada ya kuteka maji ya asubuhi. Hakuwa na kengele ya simu, alikuwa na ndoo.

Mambo ya kujua kabla ya kuanza ni machache. Lazima upimwe VVU kwanza, kwa sababu anayeanza PrEP tayari ana virusi anaweza kuvizoesha dawa. Mwanamke ahesabu siku 7 za kumeza kabla ya kuitegemea, na ule mtindo wa kumeza siku ya tukio tu haumfai. Wiki za mwanzo kichefuchefu na kuumwa kichwa huja kwa baadhi ya watu, kisha huondoka. Dawa hii hupita kwenye figo, kwa hiyo mwenye ugonjwa wa figo aseme, na mwenye homa ya ini aina ya B asiiache ghafla bila daktari. Mjamzito na anayenyonyesha wanaweza kuitumia. Mimba haizuii. Kaswende haizuii.

Na Ramadhani? Swali hili huulizwa kila Shaabani. Tembe ni moja kwa siku, haina lazima ya kumezwa na chakula, wala haidai saa ya mchana. Ihamishe iwe baada ya futari au wakati wa daku, na ubaki na wakati huo mwezi mzima. Kuna waliokuwa wakiacha siku 30 kwa heshima ya funga wakidhani hakuna njia. Njia ipo.

Nikilazimishwa kuchagua kati ya hivi viwili: kwa mke asiye na kauli juu ya mpira, tembe, bila kusita. Kwa wachumba wasiojuana hali, na kwa yeyote mwenye mpenzi zaidi ya mmoja, vyote viwili kwa pamoja, kwa sababu kisonono na kaswende tembe haina habari nazo.

Tembe na sindano

Sindano zilikuja kwa ajili ya watu ambao tembe imewashinda kuimeza. Ya kwanza ni cabotegravir, hupigwa kwenye tako: mbili za mwanzo hupishana mwezi mmoja, kisha kila baada ya miezi 2. Utafiti wake kwa wanawake ulifanywa katika nchi saba za Afrika, Kenya ikiwemo, ukiwa na wanawake 3,224. Waliopewa sindano wakaambukizwa 4, waliopewa tembe wakaambukizwa 36. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza Julai 2022.

Ya pili ni lenacapavir, na hii ndiyo inayozungumzwa sana sasa. Hudungwa chini ya ngozi ya tumbo mara moja tu kila miezi 6, pamoja na tembe chache siku mbili za mwanzo. Katika utafiti wa 2024 uliofanywa Afrika Kusini na Uganda, wasichana na wanawake 2,134 walipewa sindano hiyo na hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Katika kundi la tembe ya kawaida, waliambukizwa 16 kati ya 1,068. Marekani iliidhinisha Juni 2025 na Shirika la Afya Duniani likaipendekeza mwezi uliofuata.

Ukisoma namba hizo utadhani tembe ni dawa dhaifu. Si dhaifu. Wengi katika makundi hayo walikuwa wameiacha kwenye kopo. Anayeimeza kila siku amelindwa vizuri, na ana uhuru wa kuacha wakati hatari imekwisha. Sindano haikubali kutolewa. Ukiacha kurudi, mabaki ya dawa hubaki mwilini kwa miezi mingi yakipungua polepole, kiasi kisichotosha kukulinda lakini kinachotosha kuvifunza virusi kuizoea dawa, endapo utaambukizwa kipindi hicho. Anayeacha sindano na bado yumo hatarini lazima avuke kwa tembe au mpira.

Faida yake kwa wengi wetu ni faragha. Hakuna kopo la kuficha wala kelele, na mavyaa hana cha kuokota. Mke anatoka nyumbani akisema anakwenda kliniki ya mtoto, anarudi amekingwa. Kwa wanaofanya kazi za safari, sindano ya miezi 6 inawafaa zaidi kuliko ya miezi 2, kwa sababu tarehe ya miezi 2 inaweza kuwakuta mpakani Malaba au baharini. Kama ya miezi 2 ndiyo iliyopo kituoni kwako, inakubalika kupigwa hadi wiki moja kabla au baada ya tarehe, na mwenye wasiwasi kuhusu funga anaweza kuutumia upenyo huo kusogea upande wa Idi. Uliza kituoni ni ipi waliyo nayo na kama akiba inatosha dozi ya pili. Swali la dozi ya pili ni muhimu. Tangu Marekani iliposimamisha misaada yake Januari 2025 huduma nyingi zimehamishwa na kuunganishwa na kliniki za kawaida, na mgonjwa anayeanza dawa ana haki ya kujua ataimalizia wapi.

Dawa za mwenzako, au zako?

Hapa ndipo ninapotaka wasomaji wakae zaidi, kwa sababu ndipo penye habari njema kubwa na ndipo penye kutoelewana kukubwa.

Mume ana virusi, mke hana. Au mke amegundulika kwenye kliniki ya wajawazito na mume amepimwa hana. Wengi wakiambiwa hivyo hufikiri ndoa imekwisha, au kwamba mmoja wa vipimo ni wa uongo, au kwamba asiye na virusi ana damu ya ajabu. Hakuna kati ya hayo. Virusi havipiti kila mara, na sasa tunajua jinsi ya kuvizuia visipite kabisa.

Mwaka 2011 utafiti wa HPTN 052, uliowahusisha wenzi 1,763 katika nchi tisa, ulionyesha kwamba mwenye virusi akianzishiwa ARV mapema, maambukizi kwa mwenzake hupungua kwa asilimia 96. Waliofuatiliwa hadi mwisho, hakuna aliyeambukizwa na mwenzi ambaye wakati huo virusi vyake vilikuwa vimedhibitiwa. Kisha mwaka 2016 utafiti wa PARTNER wa Ulaya ukahesabu matendo kama 58,000 bila mpira kati ya wenzi wa namna hiyo. Maambukizi kutoka kwa mwenzi aliyedhibiti virusi: sifuri. Hiyo sifuri naiamini, na nawaambia wanandoa bila kung'ata maneno. Mwenye virusi anayekunywa dawa zake kila siku, na kipimo cha wingi wa virusi kikaonyesha havionekani, hamwambukizi mwenzake kwa tendo la ndoa.

Lakini katika utafiti huo huo wa PARTNER kulikuwa na wachache waliopata VVU. Virusi vyao vilipochunguzwa havikufanana na vya mwenzi wa nyumbani. Walivipata nje. Na hapo ndipo tofauti kubwa kati ya ARV za mwenzako na PrEP yako: ARV zake zinakulinda kwake yeye peke yake. PrEP unayoimeza wewe inakulinda kwa yeyote. Mwenye ndoa ya wawili waliotulia anahitaji ya kwanza. Mwenye shaka anahitaji ya pili, na hakuna haja ya kumtuhumu mtu ili kuipata. Kliniki haidai ushahidi wa mpango wa kando.

Tofauti ya pili ni muda. ARV hazishushi virusi siku ya kwanza. Kwa wengi huchukua miezi michache, na desturi ni kuhesabu kama miezi 6 na kuthibitisha kwa kipimo cha damu. Kipindi hicho ndicho cha kuweka PrEP kwa asiye na virusi, na mpira pia. Kenya na Uganda zilijaribu mpango huo, Thika na Kisumu zikiwemo: asiye na virusi alimeza PrEP hadi mwenzake amalize miezi 6 ya ARV, kisha akaacha. Maambukizi yalipungua kwa asilimia 96 ikilinganishwa na yaliyotarajiwa. Kwa wanandoa waliojua hali zao jana, hakuna mpango ninaouamini zaidi ya huo.

Tofauti ya tatu ni imani. Kinga yako inapokuwa dawa ya mwenzako, unategemea kitu usichokiona. Huwezi kujua kama jana alimeza. Kwa hiyo mimi hushauri mambo mawili ya kawaida sana. Mezeni saa ile ile, mbele ya kila mmoja: baada ya isha, baada ya habari za saa moja, popote mtakapochagua. Na majibu ya kipimo cha wingi wa virusi yasomwe na wote wawili, si kwa maneno ya mdomo. Mume asiyetaka mkewe aone karatasi hiyo amempa mkewe sababu ya kumeza tembe yake mwenyewe.

Kuhusu mtoto, maana swali hili ndilo linalowatoa machozi: ndiyo, mnaweza kuzaa. Subirini virusi vya mwenye navyo vishuke hadi visionekane, na mpaka hapo mpira. Mkitaka uhakika zaidi, asiye navyo ameze PrEP miezi ya kutafuta mimba. Mama mwenye virusi akipata ujauzito aendelee na ARV bila kukosa na aende kliniki mapema.

Jando, pete na uaminifu

Tohara hupunguza uwezekano wa mwanamume kuambukizwa na mwanamke kwa asilimia 50 hadi 60. Utafiti mmoja kati ya mitatu iliyothibitisha hilo ulifanywa Kisumu. Hapa pwani wengi wametiwa jandoni wakiwa wadogo, kwa hiyo kwa wanandoa wengi wa Mombasa hili si jambo la kuchagua tena. La kukumbuka ni kwamba tohara ya mume haimlindi mke moja kwa moja. Mume akisema, "Mimi nimetahiriwa, sina shida," amejizungumzia yeye tu.

Pete yenye dawa ya dapivirine huwekwa ukeni na mwanamke mwenyewe na kubadilishwa kila mwezi. Katika tafiti za 2016 ilipunguza maambukizi kwa kama asilimia 30. Ni kidogo ukiilinganisha na sindano, ila kwa mwanamke ambaye tembe zimemkataa na sindano haipo, asilimia 30 iliyo mkononi mwake ni bora kuliko mpira ulio mkononi mwa mtu mwingine.

Uaminifu ni kinga kamili pale tu unapokuwa wa wote wawili na umeanza baada ya kipimo. Palipo na uke wenza, kipimo ni cha mume na kila mke. Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 inakataza mtu kulazimishwa kupimwa kama sharti la ndoa, awe ni mzazi, kiongozi wa dini au mchumba anayelazimisha. Kwenda kwa hiari pamoja ni jambo jingine, na halihitaji hotuba. "Baba Zuhura, kesho nakwenda Tudor kupima presha. Twende sote, tupime na damu, tujijue." Wanaume wengi hukubali mwaliko wa namna hiyo kuliko wanavyokubali mashtaka. Anayeona haya kliniki anaweza kununua kipimo cha kujipima kwa ute wa fizi kwenye duka la dawa. Kikionyesha virusi vipo, aende kituoni kuhakikisha. Kikionyesha havipo na hatari ilikuwa ya karibuni, arudie baada ya miezi 3. Anayemeza PrEP au ARV asijipime kwa hicho, kinaweza kumdanganya.

Kama limeshatokea

Mpira umepasuka, au mtu ameshikwa kwa nguvu. PEP ni dawa za siku 28 zinazoanzwa haraka, na mwisho wake ni saa 72. Usisubiri Jumatatu, nenda kitengo cha dharura usiku huo huo. Aliyebakwa anaweza kwenda Hospitali ya Rufaa ya Pwani, ile tunayoiita Makadara, ambako kuna kitengo cha kuwahudumia waliofanyiwa ukatili wa kijinsia. Anayerudi kuomba PEP mara ya pili na ya tatu anahitaji kuzungumziwa PrEP.

Ningemwambia nini nani

Mke wa dereva wa lori anayetoka Changamwe kwenda Malaba na kurudi: PrEP yako mwenyewe, tembe au sindano, ukiwa mjamzito au unanyonyesha ndiyo usiikose. Usingoje akubali kupimwa.

Mke aliyerudi kutoka Saudia baada ya mkataba wa miaka miwili, na mume aliyemsubiri: pimeni wote wiki ya kwanza, mpira kwa miezi 3, pimeni tena. Msiulizane nani alifanya nini. Kipimo kinajibu kinachohitajika.

Wenzi wenye hali tofauti waliojua wiki hii: ARV leo kwa mwenye virusi, PrEP leo kwa asiye navyo, miezi 6, kipimo, kisha mzungumze na mhudumu kama PrEP inaweza kuachwa.

Wenzi wenye hali tofauti ambao kipimo cha mwisho kilionyesha virusi havionekani, na wanaaminiana: ARV zinatosha. Mpira ubaki kwa ajili ya kupanga uzazi, kama mnautaka, na kipimo kisipitwe na tarehe yake.

Wachumba wa Bamburi wanaosubiri harusi Desemba: mpira wenye kilainishi cha maji, kila mara na tangu mwanzo, na kipimo cha pamoja kabla ya mahari kupelekwa, wakati bado kila mmoja anaweza kusema lolote bila ukoo mzima kuitwa kikaoni.